Mjomba Muhuri Ameacha Nyama

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama hapo kwako pia. Sisi huku hatujambo. Chiriku ametimiza miaka minane, na meno mawili ya mbele yameng'oka ndani ya wiki moja, lakini kuongea hajapunguza hata neno. Baba yake yuko safarini na lori kama kawaida. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii akipita kwenu, kwa hiyo ikichelewa umlaumu Dereva, usinilaumu mimi. Kazini nimepewa cheo. Sasa ndimi msimamizi wa jiko zima la hospitali, wagonjwa mia mbili asubuhi, mchana na jioni. Nimefurahi, ingawa kila nikiingia nahesabu sahani mara mbili.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama ameniambia kwenye simu kwamba tangu Novemba hujaonja nyama. Alisema kwa utani, akacheka, lakini mimi sikucheka. Wewe, Mjomba? Wewe uliyekuwa ukinikatia kipande cha ini kabla wageni hawajanawa mikono? Mkaguzi wa nyama wa mji mzima, mtu ambaye watu wamesahau jina lake wanamwita Muhuri, leo anakula maharage siku saba kwa wiki?

Nisamehe nikisema wazi. Babu naye alianza hivihivi. Kwanza aliacha nyama, kisha akaacha chumvi, kisha akatuacha sisi. Habari za figo zake tulizijua wakati hakuna tena la kufanya, kwa sababu alikaa nazo kimya. Nimekupigia simu mara sita na kukutumia ujumbe mara nisizokumbuka ngapi, hujajibu hata mmoja.

Mei naenda kozi ya chakula cha wagonjwa, miezi mitatu, na Chiriku nimepanga aje akae kwenu. Shule ya hapo jirani imeshakubali kumpokea. Nataka kujua namleta kwa mzima au kwa mgonjwa. Unaumwa nini?

Na mama je? Sauti yake ni ya furaha, lakini Dereva anasema amepungua sana.

Mpwa wako,
Kijiko

11 Machi

Kwa Kijiko, mpwa wangu mdadisi,

Marahaba sana. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, salamu za Dereva hizo. Hapa sote wazima. Paa la jiko nimelitengeneza, halivuji tena. Mama yako anakula kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Kupungua ni umri tu, usimsikilize Dereva, yeye huwaangalia watu kutoka juu ya lori. Hongera kwa cheo. Nilijua tangu ulipokuwa unalamba mwiko.

Machinjioni nimeletewa msaidizi, binti aliyetoka chuoni juzi. Ana maswali mpaka mbuzi wanamshangaa. Nimempa kazi ya kuandika madaftari ofisini, atulie kidogo.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji kazini. Wala siihitaji. Mwenye jambo na aje, au aandike.

Kuhusu nyama, ni daktari. Ameniambia mtu wa umri wangu nyama nyekundu inamchosha moyo na mishipa. Nusu ya wazee wenzangu hapa wameiacha, huyu kwa presha, yule kwa jongo, nami nimefuata msafara. Usinifanye kitu cha ajabu. Miaka miwili imebaki nistaafu, nataka niifikie nikiwa nasimama kwa miguu yangu. Chiriku aje, nyumba imepooza bila mtoto.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Chiriku ameanza kufunga sanduku lake ingawa safari imebakiza zaidi ya mwezi mzima, na kila siku analifungua kuhakikisha hakuna aliyemwibia soksi.

Daktari gani, Mjomba? Siku gani? Alikupima nini? Mama anasema hujatia mguu hospitali tangu ulipochomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Na daktari anayekataza nyama kwa ajili ya moyo hukataza chumvi kwanza. Mama anasema unamwaga chumvi kwenye mayai mpaka yanageuka theluji. Mimi nawapikia watu wa moyo kila siku. Hapo umenipiga fiksi, na umeipiga vibaya.

Kuna jingine. Barua yako ilikuwa kurasa nne, lakini maneno yake yangetosha ukurasa mmoja. Zamani mwandiko wako ulikuwa mdogo mno, mwalimu wangu aliposoma barua zako alivaa miwani mbili. Sasa herufi ni kama zile za kwenye magunia, na mistari inapanda mlima. Mkono unatetemeka? Nawalisha kwa kijiko watu waliopata kiharusi, nao wengi walisema hivyo hivyo, kwamba ni kitu kidogo.

Halafu mama ananiambia unaingia jikoni kumwamuru achemshe nyama yake mpaka iwe kamba. Mtu aliyeacha nyama anashughulika nini na nyama ya mwenzake?

Naomba unijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima.

Kijiko

26 Aprili

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta jinsi ya kulisema. Sote wazima, mama yako anakusalimu.

Mkono wangu hautetemeki, moyo haunisumbui, na daktari nilimtunga, nisamehe. Nitakuambia ilivyokuwa, na usimwambie mtu, maana mkaguzi wa nyama mwenye huruma atachekwa mpaka kaburini.

Novemba aliletwa ng'ombe wa rangi ya udongo, pembe moja imepinda. Alikuwa amefungwa, anangoja zamu. Mchinjaji wetu, yule mzee mwenye mgongo mbovu, aliangusha kinoo chake kikaingia chini ya kwato za huyo ng'ombe. Mzee akainama kukiokota. Ng'ombe akainua mguu, akaushika juu, akangoja. Mzee alipokwisha kuokota na kunyoosha mgongo wake, ng'ombe akaushusha mguu taratibu. Kisha kinoo kikanoa kisu.

Baada ya muda mfupi nilikuwa naupasua moyo wake kuukagua. Ulikuwa moyo safi. Nikaigonga nyama muhuri. Tangu siku hiyo nikiona nyama kwenye sahani namwona anangoja na mguu wake juu. Wako watu wanaoacha nyama kwa dini, wengine kwa afya, mimi nimeacha kwa ajili ya mguu mmoja. Ndiyo hivyo.

Chiriku aje. Lakini nina sharti: kwangu hatakula nyama. Mayai, maziwa, maharage, njegere, atashiba. Nakuomba usilibishie hili.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Chiriku ndiye huyo, yuko mbele yako na sanduku lake. Asipewe chai baada ya saa kumi jioni, na asiachwe na mkasi.

Barua yako niliisomea jikoni, nimesimama kwenye meza ya kukatia, nusu ya mguu wa ng'ombe iko mbele yangu. Niliisoma mara mbili. Halafu nilishindwa kukata. Nilimwita mwenzangu amalizie, nikasingizia kichwa. Ni wiki ya pili sasa nawapikia wagonjwa nyama, lakini mwenyewe haishuki. Dereva anasema tumerogwa ukoo mzima. Sikukasirikii. Nakuambia tu kwamba umenifikisha mahali sikutegemea kufika.

Ila Mjomba, kuna kitu hakikai sawa, nami nimekizungusha kichwani hadi nimechoka. Kama ni huruma, kwa nini mama humwambii aache? Unamwambia achemshe. Na mtoto wangu asiyemjua ng'ombe huyo, kwa nini unamkataza? Anayemhurumia ng'ombe hajali kama ameiva saa moja au saa tatu.

Nimekubali sharti lako kwa sababu nakuamini. Naomba usinifanye nijute.

Kijiko

14 Juni

Kijiko,

Marahaba. Mtoto mzima. Anaongea na kuku. Shule anaipenda. Mama yako mzima, ana hamu ya kula tu. Mimi mzima.

Hayo mengine tuyaache. Soma kozi yako.

Mjomba

6 Julai

MJOMBA,

Shikamoo. Nimeandika kwa kalamu nene na kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe. Usimpe Chiriku akusomee. Najua barua zangu ndiye anayekusomea, ameniambia.

Jana nilizungumza naye kwa simu ya mama. Alikuwa na mengi. Amesema unamwaga chai pembeni ya kikombe na bibi anadhani ni uzembe. Amesema anakusomea gazeti hata matangazo ya vifo. Halafu akasema, kwa furaha kabisa: "Mama, mimi na babu tuna mchezo. Akitoka kazini ananiletea kipande cha nyama kwenye karatasi, nakitazama kwenye mwanga wa dirisha, natafuta mchele. Nikiona mchele ananipa peremende. Jumanne nimepata minne!"

Mjomba! Nimekua nyumbani kwako. Najua mchele unaotafutwa ndani ya nyama ni nini. Ni mayai ya tegu? Watoto wa tegu? Sijui mnaviitaje kitaalamu, lakini najua ni vijipunje vyeupe, na najua mtu akivila nyama ikiwa mbichimbichi mnyoo unakua tumboni mwake. Na najua nani katika mji huo analipwa kuviona.

Si mkono, si moyo. Ni macho.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa kozi alituambia tuandike sababu zote zinazowafanya watu wasile nyama, ili tusije tukambeza mgonjwa. Tuliandika imani, ugonjwa, huruma, uchungu wa kuharibika kwa ardhi na maji, wengine hawaipendi tu tangu utotoni. Tulijaza ubao. Yako haikuwamo. Wewe huli nyama kwa sababu unajua ni nani ameikagua.

Nina hofu. Mimi nikiwa kazini kila asubuhi napokea nyama ya wagonjwa mia mbili. Natazama kama ina muhuri, naweka sahihi, naendelea. Sijawahi kumwuliza mtu aliyegonga muhuri kama anaona.

Na mama anayekula bila kushiba na kukonda. Mjomba, nijibu.

Kijiko

30 Julai

Kijiko,

Marahaba. Nimeiandika barua hii kwa siku tano, mchana wa jua kali, nje, peke yangu. Ukiona mistari imegongana ujue nilishindwa kurudi kuitafuta.

Ni kweli. Kama mwaka na nusu sasa naona kama kupitia dirisha la bafu. Mwanzo nilisema ni vumbi, halafu nikasema ni taa za machinjioni. Nilikariri kila kitu, ndoano iko wapi, ngazi ziko wapi, nani anatembeaje. Barua zako za mwanzo nilizisomea juani, karatasi imegusa pua. Hakuna aliyejua.

Novemba, Jumapili, mama yako alikuwa anakata nyama. Akaniita: "Kaka, hebu njoo, hii nyama ina mchele?" Nilikuwa nimeigonga muhuri mwenyewe Jumamosi. Niliichukua nikaisogeza dirishani. Sikuona kitu. Nikaipapasa kwa kidole: kimoja, viwili, nilifika saba nikaacha. Nikamwambia, "Ni mafuta yameganda, dada." Akanishukuru, Kijiko. Akaikaanga harakaharaka kwa sababu alikuwa na njaa, akala. Mimi nikasema nimeshiba.

Kwa nini? Kwa sababu ningesema ni tegu, angeuliza swali moja tu: nani amepiga muhuri?

Tangu siku hiyo nakagua kwa vidole. Vingine navipata. Vingine sijui. Yule binti msaidizi nilimfungia ofisini na madaftari kwa kuwa ana macho makali, nilijua siku moja atasema. Kila jioni nachukua kipande cha nyama niliyoipitisha, namtumia mtoto wa watu kujua nimekosea mara ngapi. Jumanne ile ya minne sikuweza kula hata maharage.

Dada yangu anakonda mbele ya macho yangu. Hilo ndilo nililoona vizuri kuliko vyote, nami nimenyamaza miezi minane. Nilitaka kustaafu nikiwa Muhuri. Basi, hilo tu. Sina sababu nyingine ya heshima ya kukupa.

Ng'ombe wa kinoo hakuwahi kuwepo. Nilimtunga nikiwa nimekaa chooni, ili uniache.

Sijui nitafanya nini. Naogopa.

Mjomba wako

8 Agosti

MJOMBA,

Shikamoo. Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Nilivunja sahani moja ya kozi. Sasa nimetulia, kwa hiyo sikiliza.

Mama apelekwe kupimwa siku hiyohiyo utakapopata barua hii. Tegu huondolewa kwa vidonge, si mwisho wa dunia, lakini ahesabike kuwa mgonjwa na atibiwe. Umwambie kwa nini. Umwambie wewe, si mimi, wala si nesi.

Mkuu wako sitamwandikia. Nilishaiandika barua yake, ninayo hapa, imefungwa. Dereva alitaka kuichukua, nikamnyima. Kozi inaisha tarehe 24, tarehe 26 nitakuwa mlangoni kwako kumchukua mtoto. Ukiwa umeshakwenda mwenyewe, nitaichana. Ukiwa hujakwenda, nitaipeleka kwa mkono wangu, na nitalia njia nzima, lakini nitaipeleka. Watu wanakula, Mjomba. Leo jioni pia watakula.

Hukunifundisha wewe kwamba muhuri si wino? Ulinishika mkono nikiwa mdogo kuliko Chiriku, ukaniambia, "Hii ni ahadi yangu kwa mtu nisiyemjua." Mimi niliamini. Bado naamini, ndiyo maana nimekasirika hivi.

Nakungoja.

Kijiko

21 Agosti

Mama Chiriku, Kijiko wangu,

Marahaba. Anayeandika ni Chiriku, mimi nasema. Sina tena la kumficha, na bibi yake anasema bora ajifunze tahajia.

Nilikwenda Jumatatu. Nilivaa shati jeupe. Nilimwekea mkuu wangu mezani muhuri, kisu na funguo za ofisi, nikamwambia sioni, na tangu lini. Alidhani natania. Akanyoosha karatasi akasema soma. Nikamwambia, mzee, hata kama ni karatasi sijui. Hapo akakaa chini.

Mabucha yalifungwa siku mbili. Wametangaza kwa spika kwamba kila aliyekula nyama ya mji akapimwe, na shule ya Chiriku wote wamepewa dawa ya minyoo. Watu wamenisema, na wana haki. Mwenye bucha wa kona, aliyekuwa akinitetemekea, amepita hapa nje akatema mate. Kuna mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akanishikisha mkono wa mtoto, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Yule binti niliyemfungia ofisini ndiye mkaguzi sasa. Siku ya kwanza alirudisha ng'ombe wawili. Alikuja kunieleza akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu, nikamwomba radhi.

Mama yako wamemkuta na tegu. Amemeza vidonge, anaendelea vizuri. Nilimwambia yote hapo nje ya chumba cha vipimo, hata yale mafuta yaliyoganda. Alinyamaza siku tatu, Kijiko. Miaka hamsini na sita sijawahi kumsikia kimya hivyo. Siku ya nne akasema, "Kumbe nilikuwa napikia wawili," akaniletea chai. Sijui kama ndiyo msamaha. Niliinywa.

Na macho, wamesema ni mtoto wa jicho. Yote mawili. Hufanyiwa upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ningesema mwaka jana, ningekuwa naona. Daktari alinieleza hivyo kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Jicho la kwanza ni tarehe 27, na naogopa kisu kuliko ng'ombe yeyote. Naomba usirudi tarehe 26. Ukae mpaka kesho yake.

Dereva anasema bado huli nyama. Nilikuambia yule ng'ombe ni wa uongo. Unaweza kula.

Mjomba wako

Mama, hapa sasa ni mimi mwenyewe, babu amelala. Nimempenda yule ng'ombe wa mguu juu, babu amenihadithia, na mimi nimeacha kama wewe. Jana bibi alipika nyama yenye muhuri wa dada mkaguzi mpya. Akamwekea babu. Babu hakuigusa, akauliza, "Imekaguliwa na nani?" Bibi akamjibu, "Na mtu anayeona." Babu akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akala vipande viwili.